Mtoaji na Mbebaji: Maadili ya Kuchangia Programu Huria

Kutoa huhesabiwa kuwa tendo jepesi kulifafanua: yupo mtu mwenye kitu, yupo mwingine asiye nacho, na kitu hicho hutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili bila malipo. Ufafanuzi huu huyumba mara tu unapopelekwa kwenye programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake, ule mfululizo wa maelekezo anayoyaandika binadamu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, umeachwa wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuusambaza. Mtu anayeandika mistari kumi ya msimbo na kuipeleka kwenye mradi wa namna hiyo hapungukiwi na chochote, kwa kuwa mistari ile bado anayo. Anayeipokea mara nyingi hakuiomba. Na watakaonufaika nayo hawajulikani kwa idadi wala kwa majina. Tena, mistari hiyo ikishakubaliwa, yupo mtu atakayelazimika kuitunza kwa miaka mingi, pengine muda mrefu baada ya mwandishi wake kwenda zake. Swali linalozuka hapo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi: je, anayechangia ametoa kitu, au ameomba kitu?

Mjadala ulioanzisha harakati hizi haukulitazama swali hilo kwa karibu. Richard Stallman, mtaalamu aliyekuwa katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, alipotangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, mwezi Septemba 1983, hoja yake ilikuwa ya haki: aliona kwamba anayekubali kutoshirikiana na wenzake programu aliyonayo amekubali kutengwa nao, na kwamba hakuna mkataba wa kibiashara unaoweza kulihalalisha jambo hilo. Kundi lililojitokeza mwaka 1998 na kueneza istilahi ya chanzo huria lilichagua njia nyingine, likisisitiza kwamba msimbo unaosomwa na wengi huwa bora kuliko unaofichwa, kwani lilihofia kuwa lugha ya uhuru na haki ingewafukuza wafanyabiashara. Tofauti ya makundi haya mawili imeandikwa sana na haina haja ya kurudiwa. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba yote mawili yalimtazama zaidi mtumiaji, yaani ana ruhusa gani na anafaidika vipi, na kumwacha nyuma yule anayeibeba programu yenyewe.

Pengine sababu ya kumwacha ni imani kwamba mali ya aina hii haipungui. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, alishikilia kuwa mtu huwa na haki juu ya kile alichokichanganya na kazi yake, ilimradi watu wengine wamebakiziwa cha kuwatosha. Kwa ardhi na maji sharti hilo ni gumu kulitimiza, lakini kwa msimbo hutimia lenyewe, kwa kuwa nakala ya milioni haimpunguzii kitu mwenye nakala ya kwanza. Kutokana na hilo imekuwa rahisi kudhani kwamba mahali pasipo na uhaba hapana dhuluma pia. Dhana hiyo ina kosa moja kubwa. Kinachopungua katika programu huria ni muda wa watu wanaoisimamia, macho yao, uvumilivu wao na afya yao, na kila mchango unaoingia, hata ulio mzuri, huchukua sehemu ya vitu hivyo.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo kwa madhehebu ya Shafi imeongoza mambo ya mali na mirathi kwa Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ina taasisi inayolimulika jambo hili kuliko nadharia nyingi za kisasa. Taasisi hiyo ni wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe ameizuia isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe tena, huku manufaa yake yakiachiliwa kwa watu au kwa kazi ya kheri, kama vile msikiti, kisima, shamba au nyumba ambayo kodi yake huwalisha maskini. Mtoa wakfu huweka masharti, na mafakihi wameyapa masharti hayo nguvu inayokaribia ya sheria yenyewe. Kufanana kwake na leseni ya GPL, aliyoitoa Stallman kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ni kwa kina. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kuubadili msimbo, lakini inamtaka yeyote atakayesambaza toleo alilolibadili aliachie kwa masharti yaleyale aliyolipokelea, ili kilichotolewa kwa wote kisirudi kuwa milki ya mtu mmoja. Hata lile sharti la fiqhi kwamba mtu hawezi kuweka wakfu asichokimiliki lina mwenzake: mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki kampuni ya IBM ikidai kwamba msimbo wake ulikuwa umeingizwa bila haki katika Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na mwaka uliofuata wasimamizi wa Linux wakaanza kumtaka kila mchangiaji atie chini ya badiliko lake tamko kwamba ana haki ya kukitoa anachokitoa.

Ulinganisho huu, hata hivyo, una faida zaidi pale unapovunjika. Mafakihi waliliona mapema tatizo la uchakavu, wakaamua kwamba pato la wakfu litumike kwanza kuitengeneza mali yenyewe kabla ya kugawiwa walengwa, hata kama mtoa wakfu hakulitaja jambo hilo, kwa sababu nyumba inayoanguka haimlishi maskini yeyote. Msimbo nao huchakaa, ingawa herufi zake hazifutiki: mashine hubadilika, programu nyingine unazozitegemea hubadilika, na mbinu za wavamizi hubadilika, hivyo ulio salama leo unaweza kuwa hatari baada ya miaka miwili bila mtu kugusa hata nukta yake. Lakini msimbo huria hauna kodi ya kukusanya. Ukarabati wake hutoka mfukoni na maishani mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mmoja au wawili.

Dunia ililitambua hilo mwezi Aprili 2014, ilipogunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya msimbo, yaani fungu la kazi zilizoandikwa tayari ili programu nyingine zizitumie, ambayo sehemu kubwa ya seva za intaneti ziliitegemea kuficha mawasiliano ya siri. Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo: programu haikuhakiki urefu wa ujumbe iliotumiwa, na hivyo mtu aliyedai urefu wa uongo aliweza kurudishiwa vipande vya kumbukumbu ya seva, ikiwemo nywila na funguo za siri. Iliingia kwa mkono wa mchangiaji mwaminifu, ikapita mbele ya mkaguzi mwaminifu, ikakaa humo kwa miaka miwili hivi. Mradi huo, uliobeba usiri wa benki na serikali, ulikuwa ukipokea michango ya hiari ya dola 2,000 hivi kwa mwaka. Hapana mtu aliyekusudia ubaya, na madhara yakaenea duniani kote. Mwenye kuamini kwamba thamani ya tendo imo ndani ya nia peke yake anapaswa kulijibu tukio hilo.

Kwa kuzingatia mzigo huu, hatua za kuchangia ambazo miongozo ya kiufundi huziandika kama utaratibu tu zinapata uzito mwingine. Mchangiaji husoma maelekezo ya mradi, huchunguza kama kasoro aliyoiona imekwisha kuripotiwa, hujitengenezea nakala ya hazina ya msimbo, yaani mkusanyiko wa mafaili yote pamoja na historia ya kila badiliko lililowahi kufanywa, huandika badiliko lake katika tawi la pembeni lisilogusa kazi za wengine, huendesha majaribio, kisha huomba badiliko hilo liunganishwe na msimbo mkuu, na msimamizi hulisoma mstari kwa mstari, akalihoji, akalirudisha lirekebishwe, na mwishowe akalikubali au akalikataa. Anayeruka hatua ya kusoma maelekezo huwa ameihamisha kazi ya kuyasoma kutoka kwake na kumtwika msimamizi, atakayelazimika kuyaeleza upya. Anayeleta badiliko la mistari elfu mbili linalofanya mambo saba kwa pamoja huwa amemweka mkaguzi katika hali ambayo hawezi kuwa mwadilifu: ama akubali asichokielewa, ama akatae alichokuwa na haja nacho. Ndiyo maana adabu ya kazi hii hutaka badiliko dogo, lenye kusudi moja, linaloweza kueleweka kwa kikao kimoja.

Maelezo yanayoambatana na badiliko yanastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa humo ndimo maadili ya mchangiaji yanapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2005 kwa ajili ya mradi huo, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, saa yake na maneno aliyoyaandika kulieleza. Msimbo wenyewe humwambia msomaji kinachofanyika, lakini mara chache humwambia kwa nini kilifanyika hivyo na kwa nini njia nyingine ziliachwa. Anayeandika sababu zake kwa ukamilifu anamhudumia mtu ambaye hatamwona, pengine ambaye hajazaliwa, atakayeufikia mstari ule akiwa na shida na asipate wa kumuuliza. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa haki anayostahili mtu asiyekuwepo, na inasikitisha kwamba wachangiaji wengi huijaza nafasi hiyo kwa maneno mawili yasiyosema kitu.

Vivyo hivyo kwa kukataliwa. Katika maisha ya kawaida kuikataa zawadi ya mtu ni kumvunjia heshima, na mchangiaji mgeni aliyekesha akiandika msimbo huona uchungu uleule anapoambiwa kwamba kazi yake haitachukuliwa. Hata hivyo msimamizi ni mwenye amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kupokea kila anacholetewa kwa sababu tu ni cha bure, kwani atakayelipa gharama za kukitunza si yule aliyekileta. Kinachozuia mamlaka haya yasigeuke udhalimu ni leseni yenyewe: aliyekataliwa anaweza kuichukua nakala nzima ya mradi na kuiendeleza kwa njia aionayo sawa, bila kumwomba mtu idhini. Taasisi chache za binadamu zimempa aliyeshindwa katika hoja haki pana kiasi hicho.

Suala la nia linarudi kwa nguvu zaidi pale mchango unapolipwa kwa sifa. Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alilishughulikia kwa urefu ugonjwa wa riya, yaani kulifanya tendo jema ili watu walione, na aliuona kuwa mwembamba kiasi cha kumwingia mtu bila mwenyewe kujua. Mazingira ya leo ya kuandikia msimbo huulisha ugonjwa huo kila siku, kwa kuwa michango ya mtu huhesabiwa, huchorwa kwa rangi kwenye ukurasa wake na kutazamwa na waajiri. Mwaka 2020 tukio la kila Oktoba liitwalo Hacktoberfest, ambalo liliwaahidi fulana washiriki waliopeleka idadi fulani ya maombi ya mabadiliko, lilisababisha mafuriko ya maombi yasiyo na maana: neno moja limeongezwa hapa, alama moja imehamishwa pale, na wasimamizi wakapoteza siku nzima wakiyafunga, hadi waandaaji wakabadili kanuni ili miradi iliyokubali kushiriki ndiyo peke yake ihesabiwe. Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba riya, ambayo vitabu vya maadili huieleza zaidi kama hasara ya mtendaji mwenyewe mbele ya Mola wake, hapa ilikuwa na mtu wa tatu aliyeilipia kwa saa za maisha yake.

Kinyume cha Heartbleed kilitokea miaka kumi baadaye, nacho ndicho kisa kigumu kuliko vyote. XZ Utils ni programu za kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, zinazopatikana karibu katika kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi zilisimamiwa na mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo bila malipo. Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyetumia jina la Jia Tan, akaleta marekebisho mazuri, yenye subira, yaliyofuata taratibu zote. Mwaka 2022 sauti nyingine zilianza kumshinikiza msimamizi, zikimlaumu kwa uvivu na kumtaka akabidhi kazi kwa wengine. Naye alijibu kwa upole kwamba uwezo wake ulikuwa umepunguzwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba kazi ile ilikuwa ya hiari isiyolipwa. Hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka ya usimamizi, na mwanzoni mwa mwaka 2024 akatoa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na njia ya siri ambayo ingemwezesha mwenye ufunguo maalumu kuingia katika seva za watu duniani kote. Msimbo huo wa hila ulifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, na kipande kilichouamsha hakikuwekwa katika hazina inayosomwa na wote, kikawekwa tu katika kifurushi kilichoandaliwa kwa ajili ya kusambazwa.

Wengi walilisoma tukio hilo kama somo la usalama, na ni kweli. Kwa mwenye kufikiri juu ya maadili linauma zaidi, kwa sababu linaipindua kila dalili ambayo watu huitumia kumtambua mtoaji mwema. Subira ilikuwepo, unyenyekevu ulikuwepo, ubora wa kazi ulikuwepo, na kudumu kwa zaidi ya miaka miwili kulikuwepo. Maneno makali ya wale waliomshinikiza msimamizi, wawe walikuwa watu wa kweli au vivuli vya mtu mmoja, hayakumshtua mtu, kwa sababu yalifanana kabisa na yale ambayo watumiaji wa kweli huwaandikia wasimamizi kila siku. Hila ilipita katika ufa uliochimbwa na wasio na hila. Jamii iliyozoea kudai bila kubeba ilikuwa imemchosha mtu mmoja kiasi kwamba aliyekuja kumpokea mzigo hakuulizwa ni nani.

Aliyeigundua njia hiyo ya siri hakuwa miongoni mwa wachangiaji wa XZ. Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi nyingine alipoona kwamba kuingia katika seva kulichukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida. Angeweza kulipuuza jambo hilo. Alilifuata hatua kwa hatua hadi akafika kwenye chanzo chake, akawaarifu kwanza kwa faragha waliohusika na usalama, na tarehe 29 Machi 2024 taarifa yake ikatangazwa hadharani, kabla matoleo yale hayajaenea katika mifumo mingi iliyokuwa ikitumika. Hakuongeza mstari hata mmoja katika mradi ule. Alichokitoa ni umakini, kisha ripoti iliyoandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine aliweza kuihakiki mwenyewe bila kumwamini aliyeiandika.

Ripoti ya namna hiyo inaonyesha kwamba uwezo wa kuandika msimbo si lango pekee la kuingilia. Kasoro iliyoelezwa vizuri, pamoja na hatua za kuirudia, toleo la programu na matokeo yaliyotarajiwa, humpunguzia msimamizi kazi ya siku kadhaa. Ndivyo ilivyo pia kwa uandishi wa maelezo ya matumizi na kwa tafsiri, kazi ambayo kwa Kiswahili ilipata sura ya wazi mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Tafsiri nayo ni wakfu usio na kodi: kila toleo jipya la programu huleta maneno mapya ambayo mtu lazima ayatafsiri, la sivyo skrini hujaa lugha mbili zilizochanganyika. Anayefikiria kuanza kazi hiyo anatakiwa ajiulize mapema nani ataiendeleza, na akiona hakuna mtu, ni uungwana zaidi kujiunga na wachache waliopo kuliko kuanzisha yake.

Wanaopokea nao wana lao la kujibu. Marcel Mauss, mwanaanthropolojia wa Ufaransa, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alidai kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Leseni huria zinautaka wajibu wa tatu kwa kiasi kidogo tu, na nyingine haziutaki kabisa. Lakini kunyamaza kwa mkataba hakuondoi deni la kimaadili. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanya takwimu za hospitali na zahanati kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mfumo wa OpenMRS wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ulikua kwa sehemu kubwa kutokana na kazi iliyofanyika Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Taasisi yenye wahandisi wanaolipwa, inayotegemea kazi ya namna hii na kuwaruhusu wahandisi hao warudishe marekebisho yao kwenye mradi, inalipa sehemu ya deni hilo kwa namna yenye manufaa kuliko shukrani. Inayoyafungia marekebisho yake ndani huwa haijavunja sheria yoyote, ila imeongeza mzigo kwa wengine watakaoitatua kasoro ileile upya.

Linabaki swali moja ambalo kisa cha XZ kimeliacha wazi. Msimamizi wa kwanza alirudi kazini, akayapitia mabadiliko yaliyofanywa kwa jina la Jia Tan, akaiondoa njia ya siri, na mwishoni mwa Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2. Hakufuta kila kitu, kwa kuwa kazi iliyokaguliwa na kuonekana haina dosari ilikuwa bado inafaa, na hadi leo mashine nyingi duniani zinaendesha mistari iliyoandikwa kwa mkono uliokusudia khiyana. Kwa hukumu ya nia, mwandishi wake hana thawabu yoyote juu ya mistari hiyo. Kwa hukumu ya manufaa, inawahudumia mamilioni ya watu kama mistari mingine yote. Na aliyeifanya iwe halali kutumiwa ni mtu yule aliyechoka, aliyeketi akaisoma mmoja baada ya mwingine na kukubali kuibeba.